Bia ya Ng'ambo kwa Harusi ya Gungu: Je, Inalipa?

Kamati za harusi hapa Gungu hukwama mahali palepale kila msimu. Ukumbi umepatikana, mpishi amekubali, mbuzi wameahidiwa, kisha bajeti ya vinywaji inasomwa na watu wanashika vichwa. Hapo hutokea mjumbe mmoja, mara nyingi mwenye shemeji Mabanda au mwenye boti pale Kibirizi, akauliza kwa nini tununue bia kwa bei ya depo wakati Burundi iko hapo tu. Kutoka Mwandiga hadi Manyovu ni kilomita 60 za lami. Ukivuka uko Mugina, na Mabanda haiko mbali.

Ni swali la haki, na kwa kuwa kazi yangu ni uwakala wa forodha, huletwa kwangu mara nyingi. Kulijibu kwahitaji kwanza kujua unafuu wenyewe unatoka wapi, maana chanzo chake ndicho kinachoamua kama utafika nao nyumbani au utauacha njiani.

Chanzo kikubwa upande wa Burundi ni faranga. Kwa miaka sasa dola imekuwa na bei mbili katika nchi ile, ya benki na ya mtaani. Februari 2020 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilifuta leseni za maduka ya kubadilishia fedha, na hayakuruhusiwa tena hadi Oktoba 2022. Mei 2023 benki hiyo ilishusha thamani ya faranga kwa mkupuo, kutoka takriban faranga 2,100 hadi karibu 2,900 kwa dola moja, na bado mtaani dola ikaendelea kupanda juu ya hapo. Anayevuka na shilingi zake akazivunja kwa wachenji wa mpakani hupata faranga nyingi kuliko ambazo angepewa dirishani benki. Bei ya bia, kwa upande mwingine, hupangwa kwa faranga na hupanda kwa kuchelewa. Pengo kati ya vitu hivyo viwili ndilo unafuu ambao mjumbe wa kamati aliuona alipokwenda kumsalimia shemeji yake.

Lakini uhaba uleule wa dola unaoishusha faranga ndio unaomnyima mtengenezaji bia malighafi za kutoka nje. Brarudi, kampuni ya Bujumbura iliyoanzishwa mwaka 1955 na ambayo Heineken ina hisa nyingi ndani yake, imepitia vipindi virefu ambavyo Primus na Amstel ziliadimika. Zikiadimika, baa na maduka huuza juu ya bei iliyotangazwa. Sisi wa Kigoma tunaujua ukata huo kwa upande wa mafuta, maana tumewaona majirani zetu wakija na madumu kutafuta petroli huku kwetu. Kwa hiyo bei uliyoisikia mwezi uliopita ni ya siku ile na duka lile. Mtu anaweza kuiona bia moja kwa bei nzuri, akakosa mia tano kwa bei hiyohiyo.

Halafu kuna ujazo, na hapa wengi hujipunja wenyewe. Primus ya Burundi huja katika chupa ya mililita 720, na Amstel yao 650. Chupa zetu za Safari na Kilimanjaro ni za mililita 500. Ukilinganisha chupa kwa chupa, ya Burundi itaonekana ghali kuliko ilivyo; ukilinganisha kwa idadi ya wageni, utanunua kupita kiasi, kwa kuwa mgeni akipewa chupa hushika chupa, haulizi mililita. Njia sahihi ni kugawa bei kwa ujazo. Kama nusu lita hapa ni shilingi 2,000, basi kila mililita ni shilingi 4, na Primus ya mililita 720 ina nafuu pale tu bei yake inaposhuka chini ya shilingi 2,880.

Sasa tupige hesabu ya harusi nzima. Nitatumia bei za mfano, kila kamati iweke za kwake. Tuseme mnahitaji lita 400, yaani chupa 800 za nusu lita. Kwa bei ya shilingi 2,000, hapa mtalipa 1,600,000. Tuseme ng'ambo mmebahatika kweli, mkapata ujazo huohuo kwa nusu ya bei, yaani 800,000. Mmeokoa laki nane, na kwenye kikao watu watapiga makofi.

Gharama ya kwanza ni chupa zenyewe. Bia ya chupa inauzwa kwa kubadilishana na chupa tupu, na asiye nazo huweka pesa ya chupa. Lita 400 katika chupa za mililita 720 ni chupa 556. Depo ya Gungu haipokei chupa za Brarudi, hivyo ama mzirudishe Burundi baada ya sherehe, ama mkubali kwamba pesa ile imekwenda. Tukikadiria shilingi 500 kwa chupa, hiyo ni 278,000. Glasi pia ina uzito. Mzigo huo, bia na chupa zake, ni zaidi ya nusu tani, na barabara ya Manyovu ni ya milima.

Gharama ya pili ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo nataka isomwe polepole. Watu wamesikia kwamba Tanzania na Burundi ziko katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ambao Burundi na Rwanda zilianza kuutekeleza Julai 2009, na kwamba bidhaa za ndani ya Jumuiya hazilipi ushuru. Ni kweli kwa ushuru wa forodha. Bia iliyotengenezwa Bujumbura, ikiwa na cheti cha asili ya bidhaa, ambacho kwa mzigo mdogo hutolewa kwa utaratibu rahisi palepale mpakani, haitozwi ushuru huo. Ila pombe ina kodi nyingine mbili ambazo Umoja wa Forodha haukuzigusa. Moja ni ushuru wa bidhaa, unaotozwa kwa kila lita. Nyingine ni VAT ya asilimia 18, inayopigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru huo wa bidhaa. Kodi hizi hulipwa kule pombe inakonywewa. Bia inayotoka Burundi kihalali kwenda kuuzwa nje haibebi kodi za ndani za huko, na ikiingia kwetu inabeba za kwetu.

Turudi kwenye mfano. Tukiweka ushuru wa bidhaa kuwa shilingi 700 tu kwa lita, ambayo ni makadirio ya chini, lita 400 zinadai 280,000. VAT ya asilimia 18 juu ya 1,080,000 ni 194,400. Ongezeni zile 278,000 za chupa. Jumla ni 752,400. Katika laki nane mlizookoa zimebaki 47,600, na bado hamjakodi gari, hamjaweka mafuta, hamjawalipa vijana wa kupakia na kushusha, wala hamjahesabu chupa zitakazopasuka. Na hiyo ni kwa bahati ya kupata bia kwa nusu bei.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo ambalo wanaosimulia mafanikio yao hawalitaji. Anayesema safari ilimlipa, karibu faida yake yote ni kodi ambayo hakulipa. Alipita njia ya panya, au alishusha mzigo usiku mwaloni. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili, na chombo kilichobeba nacho kinaweza kutaifishwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoniuma. Mwenye mzigo hupoteza mzigo, lakini kijana wa bodaboda aliyeupakia kwa elfu chache anaweza kupoteza pikipiki ambayo bado hajamaliza kuilipia.

Msomaji aliyewahi kuishi Ulaya ataniuliza mbona kule watu wanavuka mipaka kununua pombe na hakuna anayewakamata. Ni kweli. Ndani ya Umoja wa Ulaya, mtu anayenunua kwa matumizi yake binafsi hulipa kodi pale aliponunua na hadaiwi tena akirudi kwao. Vipimo vya mwongozo ni vikubwa, lita 110 za bia na lita 90 za mvinyo. Wafini hupanda meli kwenda Tallinn kwa ajili hiyo. Mwaka 2004, Estonia ilipokaribia kuingia katika Umoja huo, Finland iliona wateja watahama ikapunguza kodi yake ya pombe kwa wastani wa theluthi moja. Unywaji ukaongezeka na vifo vinavyotokana na pombe vikapanda. Estonia nayo ilipopandisha kodi baadaye, watu wake walikimbilia Latvia, na Julai 2019 ikabidi ipunguze kwa robo. Safari hizo zinalipa kwa sababu sheria imeziruhusu. Jumuiya yetu haijafikia hapo, na kwa mfano wa Finland sina hakika kama tunapaswa kuharakisha.

Sheria yetu inampa msafiri nafasi ndogo. Mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anaruhusiwa kuingia na pombe kali isiyozidi lita moja, au mvinyo usiozidi lita mbili, bila kodi, kwa matumizi yake na si kwa kuuza. Bia haikutajwa katika kipimo hicho. Ipo pia nafuu ya thamani kwa bidhaa nyingine za abiria, ila ni kwa aliyekaa nje ya nchi zaidi ya saa 24. Aliyetoka Gungu asubuhi akarudi magharibi hayumo. Na hizi ni haki za mtu mmoja mmoja. Kukusanya abiria wa basi zima kila mmoja ashike chupa yako ni jambo ambalo maofisa wa Manyovu wamelizoea.

Wanaopenda wiski wajue na hili: chupa iliyotengenezwa Uskoti haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kuwa imekaa kwenye rafu ya duka la Bujumbura. Ikizidi lita yako moja, inadaiwa ushuru wa forodha kamili, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT.

Hadi hapa nimezungumzia pesa tu. Kwenye pombe kali ya bei rahisi kuna hatari isiyofidiwa kwa pesa, nayo ni methanoli. Ni kemikali ya viwandani ambayo kwa macho na pua haitofautiki kirahisi na pombe ya kunywa, na wahalifu huichanganya kwa sababu ni rahisi. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu neva za macho. Ubaya wake ni ukimya: mtu hunywa, hulala, na dalili huja baada ya saa 12 hadi 24, akiamka na kichwa kizito, tumbo linasokota, na macho yanaona ukungu mweupe. Familia hudhani ni uchovu wa pombe wakamwacha alale. Hapana, apelekwe hospitali saa ileile na daktari aambiwe alikunywa nini, maana dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo na kila saa ina thamani. Nairobi mwaka 2000 pombe ya namna hii iliua zaidi ya watu 130 na wengine wakabaki vipofu. Kabale, Uganda, mwaka 2010 walikufa makumi ya watu ndani ya wiki chache. Kirinyaga, Kenya, Februari 2024, wasiopungua 17.

Kwa hiyo dumu lisilo na jina, liwe linaitwa gongo, kanyanga au lotoko, liwe limetoka Burundi au limevushwa na boti kutoka Baraka na Kalemie, Kongo, lisiingie kwenye harusi. Viroba navyo vimepigwa marufuku tangu Machi 1, 2017, na marufuku hiyo inagusa kuingiza kutoka nje kama inavyogusa kutengeneza hapa. Chupa yoyote ya pombe inayouzwa kihalali Tanzania ina stempu ya kodi ya kielektroniki, utaratibu ulioanza Januari 2019, na TRA wana programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu ya kuikagua. Mweka hazina wa kamati aichukue simu yake aikague chupa moja ya kila kreti au katoni kabla ya kulipa, hata kama muuzaji ni rafiki.

Nani basi anafaidika? Yule aliyekuwa anavuka kwa shughuli nyingine. Umekwenda msibani Nyanza-Lac au kufuata biashara Rumonge, unarudi na chupa yako moja halali, ni nafuu yako na hakuna wa kukulaumu. Safari ya kufuata bia peke yake, kwa njia halali, hailipi.

Kamati inayotaka kubana matumizi ina njia mbili hapahapa. Ya kwanza ni kuchagua vinywaji vilivyopewa kiwango cha chini cha ushuru wa bidhaa kwa kutumia mazao ya nchini, kama mvinyo wa zabibu za Dodoma na bia za nafaka zetu ambazo hazikuoteshwa kimea. Ya pili ni kuzungumza na depo mapema, kabla ya kutoa pesa, mkubaliane kwa maandishi kwamba kreti ambazo hazikufunguliwa zitarudishwa kwa bei ileile. Kamati nyingi huagiza kwa hofu ya kuaibika, wageni wakaondoka kreti bado zimepangana ukutani. Zihesabuni usiku uleule, mbele ya mtu wa depo, kabla mlango wa ukumbi haujafungwa.