Kile Ambacho Mpenda Nyama Anakitafuta Kwenye Sahani

Mbarara ni mji wa ng'ombe. Heshima ya Ankole imesimama juu ya wale ng'ombe wake wenye pembe ndefu, na mgeni anayeingia jioni hukaribishwa na moshi wa muchomo, nyama ya kuchoma, kando ya barabara. Kusini-mashariki ya hapo, katika wilaya ya Isingiro, ndiko iliko Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wanaishi humo pia Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Wengi walikulia kwenye mifugo: huyu vilima vya Masisi kule Kongo, yule mbuzi na ngamia wa Somalia. Katika nyumba kama hizo mwanamume anaweza kumaliza sahani nzima ya maharage na bado akauliza, "Mama watoto, leo chakula kiko wapi?"

Mpishi anayesikia swali hilo kila jioni hasaidiwi na hotuba kuhusu faida za mboga. Bei ya nyama anaijua, na anajua kwamba WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020, na kwamba upungufu haukuishia hapo. Kinachomfaa ni kujua ulimi wa mumewe unatafuta nini hasa. Sayansi ya chakula inalo jibu, na sehemu kubwa ya jibu hilo inauzwa sokoni kwa kikombe.

Mwaka 1908 mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliuchunguza mchuzi wa mwani akakuta ndani yake glutameti, kiini cha ladha nzito ambayo si chumvi, wala sukari, wala uchachu, wala uchungu. Akaiita umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akapata kiini kingine, inosineti, ndani ya samaki mkavu. Nyama inavyo vyote viwili, na ndiyo maana mchuzi wake hujaza mdomo hata kabla hujatafuna. Lakini nyanya iliyoiva vizuri ina glutameti, na dagaa mkavu ana inosineti. Katika miaka ya 1950 Akira Kuninaka akaonyesha jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: viini vya aina hizi vikikutana, nguvu ya ladha haiongezeki kidogo kidogo, inapanda mara kadhaa.

Kwa hiyo tazama mukene, dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Mrundi atawalinganisha na ndagala wake na mtu wa Kivu na sambaza. Mara nyingi huanikwa mchangani, kwa hiyo waoshe upesi kwa maji ya vuguvugu, ubadilishe maji mpaka mchanga uishe. Wakaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta mpaka walie wakiguswa na mwiko. Kaanga vitunguu viwe rangi ya kahawia, weka nyanya, uache ziive mpaka mafuta yajitenge pembeni. Hapo ndipo dagaa waingie, na mwisho karanga zilizosagwa. Mchuzi huo una uzito ambao mpenda nyama anautambua bila kuambiwa. Tena dagaa huliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo kuna kalisi ambayo steki karibu haina.

Kitu cha pili anachokitafuta ni ule ukavu wa kahawia wa muchomo. Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi asidi-amino na sukari zinavyoungana kwenye moto na kuzaa rangi na harufu mpya. Jikoni, mambo hayo hushika kasi kwenye nyuzi 140 hivi na zaidi. Mbarara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Sufuria ya maharage haitafika kwenye harufu ya muchomo hata ikikaa jikoni kutwa. Tena joto hilo pungufu ndilo linalofanya maharage yachelewe kuiva na kula kuni nyingi. Dawa ni kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji yale, kisha kuyachemsha kwa nguvu mpaka yaive kabisa, maana maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha. Magadi huyalainisha haraka, ila huharibu vitamini B1. Yakishaiva, chota upawa mmoja au miwili, chuja, kaanga kwa vitunguu kwenye mafuta ya moto mpaka maganda yaanze kupasuka na kukauka, ponda nusu yake, urudishe chunguni. Maharage ni yale yale ya jana, lakini anayekula atauliza umeweka nini.

Kuhusu kubadilisha chakula, sijui mahali penye walimu wengi kuliko Nakivale. Mwethiopia hupika shiro, uji mzito wa unga wa dengu na pilipili, unaoshibisha kama mchuzi wa nyama. Msomali hukaanga bizari na iliki kabla ya mchele. Mnyankole huandaa eshabwe, samli iliyopigwa mpaka ikawa nyeupe. Kijiko chake kwenye ugali wa ulezi kinatosha. Mkongomani ana sombe na mawese, na hapa nasisitiza: sombe ni majani ya muhogo, na majani hayo yana sumu ya sianidi. Yatwangwe mpaka yalainike, yapikwe kwa muda mrefu bila kifuniko, ili sumu hiyo, ambayo huruka kwa joto dogo tu, itoke na mvuke.

Sisemi nyama iondoke mezani. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea ya kawaida. Shirika la utafiti wa saratani la WCRF linashauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikiwa imeshapikwa. Kwa familia nyingi za Nakivale kiasi hicho ni ndoto. Kwa mlaji wa muchomo wa Mbarara kinaweza kwisha kwa siku mbili.

Ila gramu hizo zinaliwa na nani? Katika nyumba nyingi kipande kikubwa ni cha baba, kwa heshima. Mwili una hesabu nyingine. Wataalamu wa lishe wa Marekani wanapendekeza miligramu 8 za madini ya chuma kwa siku kwa mwanamume, 18 kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, na 27 kwa mjamzito. Anayedai nyama kwa sauti kubwa ndiye anayeihitaji kidogo zaidi. Chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko cha maharage, na nyama kidogo ikipikwa pamoja na maharage husaidia hata chuma cha maharage kupokewa. Nyanya, limau au pera husaidia pia. Chai huzuia, kwa hiyo isubiri saa moja baada ya chakula.

Ndiyo maana naipenda robo kilo iliyokatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, ikakaangwa mpaka ikawa kahawia, kisha ikamwagwa ndani ya chungu cha maharage au sombe. Baba anaipata ladha katika kila tonge, hakuna kipande cha kumtengea mtu, na mtoto wa mwaka mmoja anachotewa sehemu yake, inapondwa, analishwa.