Njia za changarawe Upare zamfaa mpanda baiskeli

Ikiwa umepata kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha, basi umeipita Same, na yumkini uliipita ukisinzia. Milima ilikuwa upande wako wa kuume tangu Hedaru hadi Makanya, mikavu, yenye mawe na miiba, nawe ukadhani hakuna cha kutazamwa huko. Wengi hudhani hivyo. Kumbe ule ni mgongo wa mlima tu, upande usiopata mvua ya kutosha, kwa kuwa upepo wenye unyevu hutoka baharini na kumwaga sehemu kubwa ya maji yake upande wa mashariki. Juu ya ukuta ule, katika kata za Wilaya ya Same kama vile Mhezi, Vudee na Chome, wako watu na mashamba yao ya migomba na maharage, viko vijito, na liko jambo ambalo makala haya yanalikusudia: njia za udongo na changarawe ambamo mtu aweza kuendesha baiskeli kwa muda mrefu pasipo kusukumwa pembeni na lori.

Sisemi juu ya mashindano. Nasema juu ya mfanyakazi wa mjini ambaye Desemba hurudi kwao pamoja na mkewe na watoto, akakaa wiki mbili, na mazoezi yake yote yakawa ni kutoka barazani kwenda mezani. Baiskeli ya babu imeegemezwa ukutani, imejaa vumbi, tairi limelala. Kwa nini isitengenezwe?

Jambo la kwanza ni kuchagua njia, na hapa sitamung'unya maneno: barabara kuu si mahali pa kumpeleka mtoto na baiskeli. Tarehe 28 Juni, 2025, katika eneo la Sabasaba mjini Same, basi na basi dogo yaligongana na kuwaka moto, na watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Hao walikuwa ndani ya vyombo vya chuma. Mpanda baiskeli hana hata kipande cha bati cha kumkinga. Iacheni lami basi, mkaitafute njia ya mlimani, ambako chombo utakachokutana nacho mara nyingi ni bodaboda yenye gunia la mazao, nayo husikika kabla haijafika konani.

Huko ughaibuni watu wamegundua utamu wa njia kama hizi na kuufanya mchezo mkubwa. Katika mji mdogo wa Emporia, jimbo la Kansas, Marekani, yako mashindano yaliyoanza mwaka 2006 ambayo mbio zake kuu ni maili 200, yaani kilomita zipatazo 320, juu ya changarawe mtupu. Jirani zetu wa Kenya nao walianzisha mwaka 2021 mbio za siku nne katika nchi ya Wamasai, Maasai Mara, ziitwazo Migration Gravel Race. Baiskeli za mchezo huo zina usukani uliopinda kama wa mbio za barabarani, lakini matairi yake ni mapana na yana meno. Bei yake usiiulize. Ya kwetu ya Phoenix, yenye keria na kengele, haikuundwa kwa ajili ya mchezo, lakini imepita katika changarawe tangu kabla mchezo huo haujapata jina, tena ikiwa imebeba debe la maji na mtoto juu yake.

Njia zenyewe za Upare hazikuanza kama njia za starehe. Nyingi ni njia za miguu zilizopanuliwa kidogo kidogo. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani hadi Same, makao ya wilaya, kuipinga kodi iliyojulikana kwa jina la mbiru, wakapiga kambi huko kwa muda wa miezi. Ukiwa juu, unaitazama Same iliyo chini kabisa kwenye tambarare, ndipo unapofahamu maana ya neno "walishuka", na kwamba kila aliyeshuka ilimpasa kupanda tena.

Mwinuko huo ndio raha yote, na ndio hatari yote. Mji wa Same u mita zisizofika 900 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Shengena, ndani ya msitu wa Chome, ni mita 2,462. Hakuna baiskeli itakayokufikisha kileleni, wala huna haja. Lakini hata nusu ya mwinuko huo yatosha kumtoa jasho kijana anayejidai. Kupanda si aibu kushuka na kukokota. Wenyeji hukokota, nao ndio wanaoijua njia.

Kushuka ndiko kunakotaka elimu. Usibane breki moja kwa moja kutoka juu hadi chini, maana rimu hupata moto, mpira wa breki ukalainika na kuteleza, na wakati huo ndipo utakapoihitaji. Bana, achia, bana tena. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, kwa kuwa changarawe iliyolegea huviringika chini ya tairi kama kunde juu ya sakafu, na anayebana breki ya mbele huku amelala upande hujikuta chini kabla hajajua kilichotokea. Sogeza mwili nyuma ya tandiko. Rimu ikiwa imelowa, breki za kawaida hushika kwa shida. Zikaushe kwa kubana kidogo kidogo kabla ya mteremko. Na upepo wa tairi usijazwe mpaka likawa gumu kama jiwe: tairi lililopungua kidogo hushika njia vizuri zaidi, mradi lisiwe legevu hata rimu ikagonga mawe.

Wala usidhani kwamba mahali pasipo na magari hapana kifo. Suleiman Kangangi wa Kenya, aliyekuwa miongoni mwa wapanda baiskeli hodari kabisa katika Afrika Mashariki, alianguka na kufariki tarehe 27 Agosti, 2022, katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33. Kofia ngumu kichwani, kwa hiyo, si pambo la watalii. Na mtoto asiye nayo abaki kwenye njia ya tambarare.

Katika mabonde utakutana na jambo ambalo mtu wa mjini hulipita bila kulielewa. Ni mfereji mwembamba wa maji unaokata njia, na juu yake, mahali fulani mlimani, bwawa dogo la udongo na mawe. Hiyo ndiyo ndiva. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yateremke mfereji kwa mfereji hadi shambani, kila mkulima kwa zamu yake. Ustadi huu ni wa kale kuliko serikali yoyote iliyopata kuitawala nchi hii. Basi ufikapo mferejini, shuka, inua baiskeli, vuka. Ukingo mmoja uliovunjwa na tairi waweza kumkosesha mtu zamu yake ya maji, na katika sehemu kavu za Same zamu iliyopotea ni mahindi yaliyokauka.

Mito ya upande wa magharibi nayo ina tabia ya udanganyifu. Mingi huwa ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, watoto wakichezea ndani yake. Kisha mvua hunyesha juu, huku chini jua likiwaka, na maji yakaja kwa kishindo. Usivuke korongo ambalo maji yake yamebadilika rangi. Majira ya vuli na masika milima yenyewe huweza kuhama: Novemba 2009, huko Goha, Mamba Miamba, udongo uliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Miezi iliyo bora ni Juni hadi Septemba, kukiwa na ubaridi na njia zikiwa zimekauka. Waendao Krismasi wasikilize wenyeji kila asubuhi kabla ya kutoka.

Akina mama, nanyi msibaki jikoni. Iko baiskeli isiyo na chuma cha juu, gauni halizuiwi, na maneno ya wazee kwamba jambo hilo halipendezi yanapungua nguvu kila mwaka ambapo muuguzi au mwalimu wa kike anaonekana barabarani akienda kazini.

Limebaki suala la lami. Upande wa mashariki, barabara ya Same hadi Mkomazi kupitia Kisiwani na Ndungu, yenye urefu wa kilomita zipatazo 100, imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande. Mpenda changarawe atasikitika. Mimi siwezi kusimama upande wake mbele ya mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba au wa mpunga wa Ndungu, ambaye mvua ikinyesha mzigo wake hukwama. Lakini lami huleta mwendo, na wanaoitumia njia hiyo kwa miguu na baiskeli ni wengi kuliko wenye magari. Wahandisi wawaachie ukanda wa pembeni ulio wazi, uliotengwa, tangu siku ya kwanza ya ujenzi; kuuongeza baadaye hugharimu zaidi, na mara nyingi hukumbukwa baada ya mazishi. Huko Kisiwani, kwa kuwa Hifadhi ya Mkomazi i karibu na tembo hutoka, pasipitwe alfajiri wala magharibi.

Anayetaka kuingia msitu wa Chome achukue kwanza kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Mfukoni awe na tyubu ya akiba, viraka na gundi, na pampu kwenye baiskeli, maana miiba ya Same haimjui mgeni wala mwenyeji.