Je, Wajua? Bidoni nayo ni mazoezi

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate, kwa wastani, angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazowahemesha. Si lazima iwe mpira. Mwanafunzi wa mji wa Uvira anayetoka ziwani na bidoni ya lita 20 kichwani, akipandisha upande wa milima ya Mitumba, amebeba kilo 20 za maji. Mwalimu wa michezo asimwite mvivu jioni! Hatari, iwe kwa mpira au kwa bidoni, ni kiu ya baadaye: maji ya ziwa yasiyochemshwa wala kutiwa klorini yanaweza kuleta kipindupindu. Na mwili unaofanya kazi hivyo unahitaji mifupa imara: mezani, ndagala (dagaa) usimtoe miiba. Kalsiamu ya mifupa imo humo.