Kuvu Hufuata Maji, Hata Angani

Wapiga picha wa Kangema wanajua jinsi mwezi wa Julai unavyoharibu lenzi. Ukungu hushuka kutoka milima ya Aberdare, jua likapotea siku kadhaa, na lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi hutoka na nyuzi nyeupe zilizotanda kiooni mithili ya utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Ukichelewa kuifuta, asidi yake hula kioo chenyewe na alama haitoki tena.

Masaibu hayo yaliwapata pia wanaanga wa kituo cha anga cha Mir, kilichorushwa na Wasovieti mwaka 1986. Kuvu ziliota kwenye vioo vya madirisha, na kifaa kimoja cha mawasiliano kikakutwa kimeliwa mpira wa nyaya. Watafiti wa Urusi waliorodhesha humo aina 234 za bakteria na kuvu, zikiwemo za jamii ya Aspergillus na Penicillium, ambazo huota hata kwenye mkate na kuta zetu.

Zilifikaje huko? Watu walizibeba. Mbegu zake, yaani spora, hukaa kwenye ngozi, nguo na mizigo, na hakuna anayeweza kupanda chombo akiwa hana hata moja. Ila spora haioti bila maji. Wanaanga hupumua na kutoka jasho, na mvuke huo hugeuka maji ukigusa chuma baridi nyuma ya paneli. Duniani hewa yenye joto hupanda, ya baridi ikashika nafasi yake. Kule vitu havina uzito, hivyo hewa hutuama pasipofikiwa na feni. Miaka ya mwisho ya Mir, wanaanga walifungua paneli wakakuta donge la maji machafu likielea, karibu ukubwa wa mpira wa kikapu, lenye bakteria, kuvu, hata utitiri wa vumbi.

Kituo cha anga cha kimataifa cha leo kina mitambo ya kukausha hewa, na wakazi wake hupangusa kuta kwa dawa kila wiki. Kwangu mimi, kukausha ndiko kwenye uzito: dawa huua kuvu iliyokwisha kuota, lakini maji yakibaki itaota nyingine.

Kwetu kukausha ni jambo la uhai. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota Aspergillus flavus yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usifunge gunia kabla unyevu wa mahindi haujashuka hadi asilimia 13.5. Liinue juu ya mbao, litenge na ukuta. Yakishaota kuvu usiyale wala usimpe ng'ombe, kwani sumu ya kuvu hiyo, aflatoksini, haitoweki kwa kupikwa.