Kochi la Freud na Bibi wa Umejuaje

Wanangu, leo anayesimulia si mimi peke yangu. Leo tunalo kochi. Ndiyo, kochi! Chekeni mmalize, kisha mtege masikio.

"Mimi ni kochi kuukuu. Kwenye mwaka 1890 hivi, mama mmoja aliyekuwa akitibiwa alinitoa zawadi kwa daktari wake, Sigmund Freud, katika jiji la Vienna. Daktari akanitandikia zulia la Kiajemi. Wagonjwa walilala juu yangu, naye akakaa kitini nyuma ya vichwa vyao, wasimwone uso. Wakasema lolote lililowajia. Ndoto. Hofu. Mambo ya aibu. Daktari akasikiliza. Nami nikasikiliza!"

"Mjomba, daktari mzima anasikiliza ndoto?"

Swali zuri hilo, mwanangu. Umeona chungu cha uji kikifunikwa na moto ni mkali? Uji hautulii. Unasukuma mfuniko, unatokea pembeni, unamwagikia mafigani. Freud aliona moyo wa mtu uko hivyo. Jambo linalotuuma tunalifunika, hata tunasahau kwamba tumelifunika. Kumbe chini linachemka. Usiku linatokea ndotoni. Mchana linatokea ulimi unapoteleza, ukamwita mwalimu "mama" mbele ya darasa zima. Kumsikiliza mtu kwa subira mpaka yaliyofunikwa yapate kusemwa, hiyo ndiyo kazi inayoitwa uchanganuzi nafsi.

"Umejuaje, Mjomba?"

Hapo umenifurahisha! Umejuaje. Yuko bibi mmoja Ufaransa ambaye swali hilo amelifanya kazi ya maisha yake. Anaitwa Élisabeth Roudinesco. Yeye ni mwanahistoria, na historia anayoiandika ni ya huo uchanganuzi nafsi: nani aliuanzisha, nani aligombana na nani, na yapi yanayosimuliwa ni kweli.

Alizaliwa Paris, Septemba 1944, wiki chache tu baada ya jiji hilo kukombolewa kutoka mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Mama yake, Jenny Aubry, alikuwa daktari wa hospitali aliyehudumia watoto waliotelekezwa. Aliona kwamba mtoto hatoshelezwi na maziwa na shuka safi. Akikosa wa kumpenda na kuzungumza naye, anadhoofika. Baba yake naye alikuwa daktari, mwenye asili ya Romania, mpenzi mkubwa wa historia. Basi kwa mama alipata habari za nafsi, kwa baba akapata historia, naye akaviunganisha. Mwaka 1982 akatoa juzuu ya kwanza ya historia ya uchanganuzi nafsi nchini Ufaransa, na ya pili mwaka 1986. Vitabu vinene hivyo, wanangu! Lakini mwaka 2015 aliandika na kimoja kidogo, cha kumwelezea mjukuu wake huo upande wa nafsi uliofichika. Nacho nakipenda kwa sababu hata ninyi mnaweza kukielewa.

Sasa sikilizeni jambo gumu. Rafiki mmoja wa mama yake alikuwa Jacques Lacan, mchanganuzi nafsi maarufu kuliko wote Ufaransa. Élisabeth alimfahamu tangu utotoni. Alipokua aliandika maisha ya Lacan, kitabu kikatoka mwaka 1993.

"Si alimsifu tu, kwa kuwa ni rafiki wa mama?"

Alimsifu panapostahili. Lacan alikuwa na akili ya ajabu, na watu walijazana kumsikiliza. Lakini vikao vyake na wagonjwa alivifupisha mno, mpaka mwaka 1963 chama cha kimataifa cha wachanganuzi nafsi kikamwondoa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufundisha wengine. Roudinesco aliyaandika yote, ya kupendeza na ya kuudhi. Kumwuliza unayempenda "umejuaje?", na kumwandika alivyo, kunataka moyo. Hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Au chukueni habari za mgonjwa mmoja, Bertha Pappenheim. Mwaka 1895 Freud na rafiki yake, daktari Breuer, walichapisha kitabu wakimwita Anna O. Walieleza kwamba alipona kwa kuzungumza. Miaka ikapita, watu wakairudia hadithi hiyo. Alipona, alipona, alipona. Mpaka mwanahistoria Henri Ellenberger akauliza: umejuaje? Akatafuta, akalipata jalada la hospitali moja ya Uswisi. Kumbe mwaka 1882, matibabu ya Breuer yalipokwisha, Bertha alilazwa huko akiwa bado mgonjwa! Alikuja kuimarika baadaye, akaanzisha nyumba ya kuwahifadhi wasichana Ujerumani. Roudinesco anamheshimu sana Ellenberger, na kitabu cha Ellenberger kilipochapishwa upya kwa Kifaransa mwaka 1994 yeye ndiye aliyekiandikia dibaji.

Kochi linataka kusema tena.

"Mwaka 1938 Wanazi, watawala wa Ujerumani waliowatesa Wayahudi, waliingia Vienna. Daktari wangu alikuwa Myahudi, mzee wa miaka 82, tena mgonjwa. Alikimbilia London, nami nikapelekwa huko. Dada zake wanne walibaki, wakafia mikononi mwa Wanazi. Yeye alifariki Septemba 1939. Nyumba yake ya London sasa ni makumbusho, na mimi nimo."

Mmoja wa waliomsaidia Freud kutoroka alikuwa Marie Bonaparte, mwanamke wa ukoo wa kifalme aliyesomea uchanganuzi nafsi kwa Freud mwenyewe. Kabla ya hapo Marie alikuwa amenunua barua zaidi ya 200 ambazo Freud, miaka mingi nyuma, alimwandikia daktari rafiki yake wa Berlin, Wilhelm Fliess. Freud alipopata habari alitaka ziteketezwe. Marie akakataa! Akazihifadhi benki Vienna, akazitoa Wanazi walipoingia, akazipeleka Paris. Baadaye zikavushwa bahari hadi London, zimefungwa kwa kitu kisichopitisha maji na kinachoelea, zisije zikapotea meli ikizama.

Roudinesco alipoandika maisha ya Freud, kitabu kilichotoka mwaka 2014 na kupata tuzo Ufaransa, barua hizo zilikuwa miongoni mwa ushahidi wake. Wapo wanaosema anamtetea Freud kupita kiasi. Mimi naona anamtetea na papo hapo anaonyesha alipokosea.

"Lakini Mjomba, Freud hakutaka zisomwe. Si vibaya kusoma barua za mtu bila ruhusa?"

Ee mwanangu, umeuliza swali la wakubwa! Barua ya aliye hai usiiguse, ni yake. Lakini Freud amekwisha kufa, na maelfu ya watu walilala makochini kwa sababu ya aliyoyafundisha. Wao na watoto wao wana haki ya kuuliza alijuaje. Mimi ningekuwa Marie, nisingezichoma.