Mtumishi akiondoka, kompyuta yake inaenda wapi?

Mwaka 2025, vijana wa parokia moja katika komine ya Karisimbi walipewa kompyuta tano na shirika lililokuwa likifunga biro yake hapa Goma. Tulifurahi pamoja nao. Tuliombwa kuzikagua kabla hazijaanza kutumika kwa mafunzo, na katika ya tatu tukakuta faili ambalo halikupaswa kufika pale: orodha ya wanawake waliotibiwa baada ya kubakwa, majina yao, mtaa, nambari ya simu na maelezo ya yaliyowapata. Binti mmoja aliyesimama nyuma yetu alisoma jina moja, akanyamaza. Mama huyo wanaimba naye kwaya moja.

Tukaifunga mashini mara moja. Aliyekuwa akiitumia hakuwa na nia mbaya. Alifuta kila alichokiona mbele ya macho yake, lakini nakala ilibaki kati ya mafaili aliyopakua zamani. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kukabidhi, maana siku ile kila mtu alikuwa na haraka.

Haraka hiyo tunaijua wote. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wiki moja baadaye, tarehe 27, vita viliingia katikati ya mji wetu. Maghala na biro nyingi viliporwa. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa. Miradi ikafa kabla ya wakati wake, na watumishi wengi wakatawanyika Gisenyi, Bukavu, Beni, Kinshasa, kila mmoja na begi lake, na ndani ya begi mara nyingi kompyuta ya kazi. Biro za makanisa yetu, hospitali zetu na shule zetu nazo zina miradi. Kwa hiyo jambo hili si la mashirika ya wageni peke yao.

Watu hudhani shida ni bei ya mashini. Lakini kompyuta iliyotumika miaka minne haina bei kubwa sokoni. Kilicho na thamani ni kilichomo ndani: majina ya wagonjwa, ya watoto waliotengana na wazazi, ya waliokuja kwa mchungaji kusema siri zao. Nchi yetu ina Sheria ya mambo ya dijitali, namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za watu binafsi. Hata kama sheria hiyo isingekuwepo, aliyeambiwa siri anajua wajibu wake.

Basi makabidhiano yafanyike namna gani? Kwanza, yafanyike watu wawili wakiwa wamekaa pamoja, si kwa kuacha begi kwa mlinzi. Mtumishi apewe nafasi ya kutoa vilivyo vyake: picha za familia, barua zake, vyeti vyake. Mafaili ya kazi yahamishiwe kwenye diski ya biro. Kisha afunge akaunti zake zote, pamoja na WhatsApp iliyounganishwa kwenye kompyuta. Kwa simu za Android kuna mtego mmoja: akaunti ya Google iondolewe katika mipangilio kabla simu haijafutwa. Isipoondolewa, simu ikishafutwa inaweza kuendelea kudai akaunti ile ya zamani, na aliyeijua huenda yuko Kampala. Tumeona simu nzima kabisa zikilala kabatini kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo iandikwe karatasi: namba ya mashini, hali yake, chaja ipo au haipo, tarehe, sahihi mbili. Kila mmoja abaki na nakala. Kama kifaa kilinunuliwa na mfadhili, someni mkataba kwanza, kwa kuwa wafadhili wengine hutaka waulizwe kabla mali haijatolewa kwa mtu.

Wapo wanaoona karatasi kati ya ndugu katika Bwana kuwa ni kutoaminiana. Tunawaomba wasome Ezra sura ya 8. Fedha na vyombo vya nyumba ya Mungu vilipimwa mbele ya makuhani kabla ya safari, na walipofika Yerusalemu vikapimwa tena siku ya nne mikononi mwa Meremothi mwana wa Uria, na uzito wote ukaandikwa. Hao walikuwa makuhani, na bado walipimiwa.

Kuna jambo zito zaidi, na hapa tuseme wazi. Mtumishi ambaye hajalipwa miezi mitatu huibakiza kompyuta kama rehani. Mwajiri naye huzuia hesabu ya mwisho mpaka mashini irudi. Tumeona pande zote mbili, hata ndani ya kazi za kanisa. Tunavyoona sisi, mwajiri ndiye aanze. Alipe anachodaiwa, au kama benki zimefungwa, aandike deni lile kwa sahihi na muhuri, na atoe hati ya kumaliza kazi ambayo Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inamdai. Ni vigumu kumdai mtu uaminifu wa dola mia mbili wakati wewe unashikilia chakula cha watoto wake.

Na aliye mbali? Msimlazimishe kuvuka vizuizi vya barabarani na kompyuta mgongoni. Hapo mtandao wetu wa makanisa una faida ambayo kampuni nyingi hazina: parokia ya Butembo au ya Bukavu inaweza kuipokea, ikaandika karatasi ileile na kuitumia huko huko. Kinachotakiwa ni biro ya Goma ipige simu na kukubaliana mapema.

Kabla kifaa hakijapewa mtumiaji mpya, diski isafishwe yote. Kufuta faili na kumwaga pipa la taka hakutoshi, kwa kuwa kompyuta huondoa tu alama ya mahali faili lilipo, na programu za bure huweza kulirudisha. Katika Windows chagueni kuondoa kila kitu pamoja na kusafisha diski. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, basi ianzeni siku yenye umeme wa uhakika. Na kwa mashini zinazotumika sasa, fungeni diski kwa ufunguo wa siri tangu leo, na ufunguo ule uandikwe na kutunzwa mahali pengine. Mashini ikiporwa, mwizi atapata chuma tu. Ufunguo ukipotea, nanyi mtabaki na chuma tu.

Windows 10 iliacha kupata masahihisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Zisitupwe. Wekeni Linux Mint, ambayo ni ya bure, na LibreOffice kwa barua na hesabu. Kama diski ni ya zamani, ile ya kuzunguka, ibadilishwe kwa SSD: mashini iliyokuwa ikichukua dakika tano kuwaka itawaka haraka. Betri iliyovimba iondolewe na fundi. Isichajiwe tena, isitobolewe wala kutupwa motoni.

Zile kompyuta tano tulizisafisha kwa siku mbili. Nne ziko kwa vijana. Ya tano inatumiwa na katibu wa parokia kuandika upya kitabu cha ubatizo. Kuhusu orodha ile, tulimjulisha aliyekuwa msimamizi wa shirika, na hatukubakiza nakala. Binti yule tulizungumza naye mbele ya mama mchungaji. Mpaka leo hajalitaja jina lile, na sisi hatujamuuliza.