Bili ya AC inapanda? Angalia juu ya paa

Panda juu ya duka au ghala lolote la zamani kule New York mwezi wa Julai, utakuta paa bapa lenye lami nyeusi. Mchana wa jua kali, paa la namna hiyo hufika hata nyuzijoto 66 za Selsiasi. Joto linashuka ndani, AC inahangaika kutwa kulitoa, na mwenye duka analipa.

Si lazima ung'oe paa lote. Mafundi wanalisafisha, wanaziba nyufa na viungo vilivyoachia, halafu wanapaka rangi maalumu nyeupe inayorudisha jua lilikotoka. Kwa mujibu wa Idara ya Nishati ya Marekani, paa la hivyo linaweza kupungua joto kwa karibu nyuzi 28. Jiji la New York lenyewe lina mpango wa kupaka mapaa tangu 2009.

Ila usikimbilie rangi. Kama paa lilivuja na tabaka la kuzuia joto chini ya lami limelowa, halizuii tena kitu. Toa kwanza sehemu iliyolowa, la sivyo umefungia maji ndani. Na vumbi likijaa, weupe unafifia, kwa hiyo paa lioshwe.